Fursa Dodoma: ipime mji ukiwa umepoa, ndo utoe hela

Tangu mdogo wangu aanze kuuza msosi wa mchana Mtumba, kwenye mji wa serikali, watu wananiuliza "kaka biashara gani inalipa Dodoma". Hilo swali silijibu, ila namna tulivyofanya naweza kuandika.

Hatua ya 1: Tafuta watu wanalalamika nini
Achana na "nina laki tano nifanye nini". Panda daladala ya Mtumba asubuhi, kaa kijiwe cha boda Ihumwa, sikiliza tu. Anayelalamika huku tayari anatoa hela kujinusuru (anamtuma boda akamletee chakula, ananunua maji ya madumu) huyo ndo mteja. Anayelalamika bure anapiga stori.

Hatua ya 2: Ipime mji ukiwa umepoa
Hapa msome taratibu maana ndo wengi wanapoliwa. Dodoma hela inakuja na kuondoka na watu. Bunge la bajeti linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, lodge zinajaa, bajaji hazishikiki, nyama choma foleni, sasa mtu anatokea mkoani mwezi wa tano anaona mambo hayo anamlipa dalali, analipa kilemba cha fremu (hela ya kumtoa aliyekuwepo kwenye chumba cha biashara) na kodi ya miezi sita, ananunua meza na friji, anakuja kufungua mwezi wa saba wabunge wameshaondoka zamani. Ng'ong'ona ni hivyo hivyo, wanachuo wa UDOM wakienda likizo ndefu unabaki unaangaliana na muuza chipsi mwenzio mpaka mwezi wa kumi huko. Ukienda Kibaigwa au Kongwa ndani, mkulima ana hela akishavuna, mwezi wa kwanza anasubiri mahindi yaote, we unamuuzia sabufa ya nini? Zabibu angalau inavunwa mara mbili kwa mwaka, ila katikati hapo ukitaka kuuza juisi freshi uliza kwanza mzigo utatoa wapi.

Kwa hiyo nenda kipindi kibovu. Chukua kaunta buku, kaa karibu na mtu anayefanya biashara kama yako kuanzia saa sita mpaka saa nane, hesabu wanaolipa, siyo wanaopita, barabarani wanapita wengi tu. Rudia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na wiki moja iwe katikati ya mwezi mishahara ikiwa imekata. Mwenye biashara usimuulize, atakwambia hali ngumu hata kama anajenga, na akikwambia inalipa sana angalia vizuri pengine anataka kukuachia fremu. Dalali naye usikubali akupangie siku ya kwenda kuona eneo. Mtumba jumamosi na jumapili ondoa kabisa kwenye hesabu, ofisi zimefungwa, na tangu SGR ianze 2024 wengine ijumaa jioni wako kwenye treni wanashuka Dar.

Kama huwezi kusubiri kipindi kibovu, chukua mauzo uliyoyaona yakate nusu, afu jiulize kodi inatoka? Haitoki, usichukue fremu.

Hatua ya 3: Anza bila fremu
Mdogo wangu anapika nyumbani, oda zinaingia WhatsApp usiku, saa sita boda mmoja anabeba hotpoti. Basi. Ijumaa moja aliweka ugali wa uwele na mlenda kama utani, Wagogo wa ofisini wakamaliza vyote kabla ya saa saba, sasa ni ratiba.

Hatua ya 4: Makaratasi
TIN (namba ya mlipakodi) ni bure, uwe na namba ya NIDA. Leseni ya biashara unaombea mtandaoni, mfumo wa Tausi. Ukiuza chakula kapime afya.

Hatua ya 5: Hela
Kausha damu (mikopo ya mtaani yenye riba kubwa) usiguse, hata wakikupigia kwa sauti tamu vipi. Kikoba sawa. Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, hauna riba (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), ila kwa kawaida muwe kikundi na mjipange kusubiri. App za mahesabu mi siziamini, kaunta buku haiishi chaji. Laini ya biashara iwe tofauti na ya nyumbani, na mtu wa ofisi akikukopa mwandike hapo hapo anaona, na tarehe ya mshahara pembeni.