Jiko la Induksheni Likionyesha Kosa Ujerumani, Usianze na Simu ya Fundi

Tumalize kwanza yaliyo mepesi, maana ndiyo yanayowafanya wengi wamwite fundi bure. Jiko likionyesha H, ni kioo bado kina moto. L au alama ya ufunguo ni kufuli ya watoto; ibonyeze sekunde chache itaachia. Jiko likilia na kujizima katikati ya uji, uji umemwagikia vitufe. Futa, kausha, endelea. Kosa likiganda, zima fyuzi zote za jiko kwenye kisanduku cha umeme, subiri dakika moja, washa tena.

Likirudi, tafuta kijitabu cha jiko lako. La kwako, si la jirani. Kwenye majiko ya AEG, F inakuambia sufuria haipo au haifai. Kwenye Bosch na Siemens, F2 au F4 ni mitambo ya ndani kupata joto kupita kiasi. Herufi moja, shida mbili tofauti kabisa. Hiyo ya joto mara nyingi inatokana na droo iliyo chini ya jiko: feni inavuta hewa huko, na sisi tumeishindilia mifuko ya plastiki ya dukani ambayo hatutaki kuitupa. Punguza mifuko.

Kuhusu sufuria, naomba niwaambie mama zetu na shangazi zetu kwa heshima zote: msibebe tena sufuria za alumini kwenye begi la kilo ishirini na tatu. Tunajua ni upendo. Lakini jiko hili linapasha chuma kinachonasa sumaku tu, na alumini hainasi. Wekeni sumaku chini ya sufuria hukohuko dukani, ikidondoka iacheni. Nafasi hiyo ya begi wekeni dagaa.

Sasa nije kwenye lililoniuma.

Kuna kosa linalohusu volti. Kwenye Bosch na Siemens ni U400, chapa nyingine zina lao. Ukiliona, akili ya nyumbani inakutuma vibaya. Kwetu umeme ukipanda na kushuka tunalaumu TANESCO au Kenya Power, tunachomoa friji, tunangoja utulie. Ujerumani huna cha kungoja. Kosa hilo likitokea, hasa kwenye nyumba uliyohamia juzi, shaka kwanza jinsi waya zilivyofungwa. Jikoni kwao mara nyingi panaletwa fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, na nyutro, waya wa kurudishia umeme: kati ya fezi na nyutro ni volti 230, kati ya fezi na fezi ni 400. Nyutro ikilegea au ikifungwa pasipo pake, jiko linakutana na volti lisizozimudu, na likiwa na bahati linajizima na kuonyesha kosa. Zima fyuzi, uziache zimezimwa. Hapo usijaribu tena na tena.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Mimi nilipiga simu huduma ya mafundi wa majiko. Fundi akaja saa aliyosema, akavaa vifuniko vya viatu asichafue sakafu, akapima, akaniambia kwa upole kwamba jiko ni zima, ubovu uko kwenye kiunganishi cha ukutani, na ukuta si kazi yake. Wiki iliyofuata ikaja bili: muda wa uchunguzi, na nauli yake ya kuja, wanaiita Anfahrt, ambayo unalipa hata kama hajagusa skrubu. Nikaipeleka kwa wasimamizi wa jengo. Jibu lao lilikuwa mistari miwili: hatukuarifiwa, hatukumwagiza, hatulipi. Ujerumani mtu hakuibii mfukoni, anakutumia bili yenye tarehe ya mwisho.

Na kisheria wana pa kushika. Kifungu cha 536c cha BGB, sheria ya madai ya Ujerumani, kinamtaka mpangaji amwarifu mwenye nyumba mara tu anapoona ubovu. Kifungu cha 536a kinakuruhusu kutengeneza mwenyewe na kudai fedha zako pale tu mwenye nyumba anapochelewa baada ya kukumbushwa, au jambo lenyewe likiwa la dharura. Jiko kukataa kuwaka, kwa macho yao, si dharura. Mkate na jibini baridi jioni kwao ni chakula kamili. Usitegemee wakuonee huruma kwa kukosa ugali.

Kwa hiyo nasema: barua pepe kabla ya simu ya fundi. Piga picha ya kosa likiwa linawaka, andika tarehe, tuma kwa mwenye nyumba au Hausverwaltung, yaani wasimamizi wa jengo, omba wamlete fundi umeme. Ukiwapigia, andika tena mliyozungumza na uyatume. Maneno ya mdomo ni magumu kuyathibitisha, hata yakisemwa na mzee mwenye tabasamu. Barua pepe kabla ya simu.

Kabla hujaandika, soma mkataba wako uone jiko ni la nani. Nyumba nyingi Ujerumani zinapangishwa jikoni patupu, na unanunua makabati na jiko kwa mpangaji anayeondoka. Ukifanya hivyo, jiko ni lako na ubovu wake ni wako. Waya za ndani ya ukuta zinabaki za mwenye nyumba. Mpaka wenyewe ni kile kisanduku kidogo ukutani ambapo jiko linaunganishwa, na ndiyo maana unahitaji kujua kosa linalalamikia upande upi kabla hujamwagiza mtu yeyote kwa jina lako. Aliyeagiza ndiye anayetumiwa bili.

Halafu kuna binamu. Kila mtaa una binamu aliyewahi kufunga umeme Buguruni au Kariobangi, anakuja na bisibisi na nia njema, anataka soda tu. Mshukuru, mpe soda, bisibisi ibaki mfukoni. Kazi hii kwa Wajerumani ni ya fundi umeme aliyesajiliwa. Nyumba ikiungua, bima itauliza nani alifunga. Tena ndani ya jiko mna kapasita, vifaa vya kuhifadhi umeme, zinazoweza kubaki na umeme hata fyuzi ikiwa imezimwa.

Ukishatuma barua pepe, nunua jiko dogo la kuchomeka kwenye soketi ya kawaida, na utunze risiti.