SOMO: Jinsi ya kujua kama choo cha mangwe (kilabu cha pombe ya mnazi) kinaharibu kisima chako (nitrati)

Naandika kwa sababu swali ni lilelile kila masika ikiisha: mtu ana mangwe au kambi ya wageni huku kwetu pwani ya Kenya, Gede, Msabaha au Kakuyuni, kisima kiko uani, choo kiko nyuma, na anataka kujua kama maji yanafaa. Someni mpaka chini ndipo muulize.

Kwanza muelewe mkosaji ni nani. Wengi huulaumu mnazi. Maji ya kuoshea madumu na vibuyu yamejaa sukari na kileo. Yananuka, yanaita nzi na yanaziba shimo la kunyonya, lakini nitrojeni yake ni kidogo. Viwanda vya mvinyo wa zabibu ni hivyohivyo. Nitrojeni huletwa na wateja, hasa kwenye mkojo. Ndani ya tangi la choo inakaa kama amonia. Ikitoka na kupita kwenye mchanga wenye hewa, bakteria huigeuza kuwa nitrati, ambayo ni hatari kwa watoto wachanga, na nitrati haishikwi na mchanga: inateremka na maji mpaka kisimani. Tangi lililojengwa vizuri halizuii hilo.

1. Chora kiwanja: kisima, choo, shimo la kunyonya, zizi la mbuzi, visima vya jirani. Pima umbali kwa hatua.

2. Jua ardhi yako. Ukiwa juu ya mawe ya matumbawe, kama Watamu na sehemu za Gede, maji hupita kwenye nyufa upesi, kwa hiyo mita 30 kutoka chooni si kinga ya kutegemea. Kwenye mchanga mwekundu wa upande wa Magarini mwendo ni wa polepole, ila nitrati hufika.

3. Tafuta maji ya chini yanaelekea wapi. Visima vitatu vinatosha. Linganisha midomo yake kwa mpira wa maji ule wa mafundi wa msingi, kisha teremsha kamba yenye uzito upime kutoka mdomoni mpaka uso wa maji: maji huelekea kule ambako uso wake uko chini zaidi. Karibu na bahari fanya vyote ndani ya saa moja, maana maji yakijaa na kupwa kisima nacho hupanda na kushuka, na mteremko unaweza kukusomea kinyume.

4. Kadiria mzigo. Tuseme wateja 60 kwa siku, kila mmoja aache gramu 2 za nitrojeni: ni gramu 120 kwa siku, karibu kilo 44 kwa mwaka. Toa nusu kwa inayopotea hewani na udongoni, zibaki 22. Eka moja ikinyonya milimita 150 za mvua kwa mwaka ni kama mita za ujazo 600. Gawanya: kama miligramu 36 za nitrojeni kwa lita. Hayo ni makadirio tu, ila yanakuonyesha kama una sababu ya kutumia pesa za maabara.

5. Chukua sampuli mbili au zaidi: kisima chako, na kisima kilicho juu ya choo kwa mwelekeo wa maji. Bila hicho cha pili huwezi kusema ni choo chako au ni zizi la jirani. Usichote kwenye tangi la juu ya paa. Suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, izamishe chini ya uso wa maji, iweke kwenye barafu, ifike maabara kabla ya saa 24. Chupa ya E. coli (bakteria wa kinyesi) ni ya pekee, imetakaswa, usiisuuze. Rudia mwisho wa masika na tena wakati wa kiangazi.

6. HAPA NDIPO WATU WANAPOANGUKA. Maabara ikikuandikia "12", uliza: 12 ya nini? Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita ikihesabiwa nitrati yenyewe, ambayo ni kama 11 ikihesabiwa nitrojeni iliyo ndani yake. Kwa hiyo 12 ya nitrati ni maji yaliyo chini kabisa ya kikomo, lakini 12 ya nitrojeni ni nitrati 53, umeshapita. Kugeuza, zidisha nitrojeni kwa 4.43. Vipande vya karatasi vya kupimia navyo hutofautiana: soma maelezo ya pakiti, na usome rangi kwa dakika iliyoandikwa, maana ukichelewa rangi hukolea. Nimeona watu wakifunga kisima kizuri, na wengine wakiendelea kukitumia kibaya, kwa sababu ya kizio tu. Msilipe kabla ya kizio kuandikwa kwenye karatasi ya majibu.

7. Soma majibu kwa pamoja. Nitrati juu na E. coli ipo: kinyesi, cha choo au cha zizi, kinakufikia moja kwa moja. Nitrati juu bila E. coli: bakteria wamechujwa, nitrati imepita. Chumvi peke yake si ushahidi huku kwetu. Bahari nayo inaingia visimani.

MASWALI

Mkazi wa Mida: Kwa hiyo nikichemsha yanakuwa sawa?
Jibu: Hapana. Kuchemsha huua vijidudu. Maji yanapungua, nitrati inabaki ileile. Klorini pia haiiondoi.

Kaka Mgema: Babu yangu amekunywa kisima hiki mpaka uzeeni. Mnatutisha tu, mnataka kutufungia biashara.
Jibu: Hakuna mahali nilipoandika ufunge biashara. Hatari kubwa ni ya mtoto mchanga wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa kwa maji hayo: damu yake hushindwa kubeba oksijeni, midomo inakuwa ya buluu. Babu yako hakuwa mtoto mchanga. Pima, kisha tuzungumze.

Bwana Haraka: Majibu yangu ni 9. Ni sawa?
Jibu: 9 ya nini? Hatua ya 6.

Mama wa Kakoneni: Shikamoo mwalimu. Nimepima visima viwili: cha juu nitrati 8, changu 61, vyote nitrati yenyewe. E. coli hakuna. Naweza kupunguza bila kujenga choo kipya?
Jibu: Marahaba mama, umefanya kazi safi kabisa. Tofauti ya 53 iko kati ya visima viwili. Kama hakuna zizi hapo katikati, choo ndicho cha kwanza kushukiwa. Tenga mkojo usiingie shimoni: wajengee wanaume pa kukojolea penye mpira wa kuingiza dumuni. Huo ndio mzigo mkubwa. Maji ya watoto yatoke kwenye bomba au kisima kile cha juu, ila E. coli ya huko ipimwe pia. Ukipima tena baada ya masika mbili utaona mwelekeo.

Mama wa Kakoneni: Na dumu likijaa?
Jibu: Funika vizuri miezi sita, kisha changanya na maji mara kumi, mwagia minazi. Chimba mfereji mdogo kuzunguka shina, mwaga, fukia hapohapo ili amonia isipotee hewani. Usimwage karibu na kisima, na usimwage mvua inapokaribia.

Kijana wa Jilore: Migomba je?
Jibu: Inapenda kuliko minazi. Utaratibu ni uleule.