SOMO: Kutoka shahada ya sheria hadi kufungua rufaa Mahakama ya Rufani, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Wadau wa Kusini, pesa za korosho zikiingia, wazazi wengi huulizia chuo cha kumpeleka kijana "akasomee uwakili". Chuo kikuu kinatoa mwanasheria. Uwakili unaanza baadaye, na huko ndiko wengi wanakokwama.

Hatua ya 1: Shahada ya sheria. Miaka mitatu au minne, kutegemea chuo. Asiyeweza kuhama nyumbani afikirie Chuo Kikuu Huria, kina vituo Mtwara na Lindi.

Hatua ya 2: Law School of Tanzania, shule ya mafunzo ya uwakili kwa vitendo baada ya shahada. Ipo Dar es Salaam tu, kwa hiyo panga kodi ya chumba mapema. Ilianzishwa kwa sheria ya 2007, nayo inafundisha kazi yenyewe: kuandaa hati za madai, kuhoji shahidi, maadili, kisha mafunzo kwa vitendo mahakamani na kwenye ofisi za mawakili. Msiichukulie kama mwaka wa nyongeza wa chuo. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ambayo kati ya wanafunzi 633 walifaulu moja kwa moja 26 tu, hadi Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati ya kuchunguza chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Maoni yangu: anayeanguka pale mara nyingi sheria anaijua, ila hajawahi kuandika hati hata moja kwa mkono wake. Likizo ukiwa nyumbani, nenda Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara ukakae nyuma usikilize. Mashauri mengi husikilizwa hadharani, hulipi kitu.

Hatua ya 3: Maombi kwa Jaji Mkuu. Yanapita kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama, pamoja na vyeti vyako na uthibitisho wa tabia njema. Hakikisha majina yanafanana kwenye vyeti vyote. Huku kwetu "Hamisi" wa cheti cha kuzaliwa huwa "Khamis" kidato cha nne. Maliza hilo kwa kiapo mapema. Ukikubaliwa unaapishwa na jina lako linaingia kwenye orodha ya mawakili.

Hatua ya 4: Leseni ya uwakili na uanachama wa TLS, chama cha mawakili wa Tanzania Bara. Leseni huisha Desemba 31. Ukiandaa hati bila leseni hai, hati inaweza kutupwa na anayeumia ni mteja.

Hatua ya 5: Mahakama ya Rufani. Soma kanuni ya 33 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009, inayosema nani ana haki ya kusimama mbele yake. Kisha hesabu siku. Kwa rufaa ya madai, notisi ya rufaa (taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa) ni ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi. Ndani ya siku 30 hizo hizo, omba kwa barua nakala za mwenendo wa kesi na umpe mjibu rufaa nakala ya barua. Ukifanya hivyo, muda ambao msajili atathibitisha umetumika kuandaa nakala hauhesabiwi. Usipompa mjibu rufaa barua, nafuu hiyo huipati.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Masasi: Mkuu, lazima nisafiri Dar kusikilizwa rufaa?
Jibu: Si lazima. Mahakama ya Rufani huja na vikao Mtwara. Fuatilia ratiba.

Dada wa Nachingwea: Nimemaliza shahada, bado Law School. Naweza kumwandikia mjomba hati ya madai ya shamba kwa malipo?
Jibu: Hapana, dada. Sheria ya Mawakili inakataza asiye na sifa kuandaa hati za aina hiyo kwa malipo. Mpeleke mjomba kwa wakili, au kwenye msaada wa kisheria kama hana uwezo.

Mdau wa Kilwa: Nikishakuwa wakili, Mahakama ya Mwanzo naruhusiwa?
Jibu: Zamani mlango ulifungwa kabisa. Tangu marekebisho ya 2021 unaruhusiwa pale anapokaa hakimu mkazi. Baraza la kata bado hawakutaki.

Mdau wa Newala: Ada ya Law School nitaitoa wapi, kaka?
Jibu: Soma mwongozo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, kwa wanafunzi wa Law School kabla hujauza mikorosho.