Jinsi ya kujua kama hela zimeisha kweli au ni imani yako tu inaongea

Fungua simu uangalie salio, halafu kabla hujafanya chochote andika neno la kwanza lililokujia kichwani. Watu wawili wenye salio lile lile, mmoja ataandika "nimefulia" mwingine "tunasogea", namba haijabadilika, ni vile kila mmoja alivyokua akisikia watu wanaongelea pesa nyumbani.

Sasa chini ya hilo neno weka namba tupu: mwezi huu imeingia ngapi, imetoka ngapi, deni, akiba. Neno na namba vikigongana, anza kuamini namba.

Kwenye hasara ndo pagumu. Kahneman na Tversky, wanasaikolojia waliochunguza jinsi watu wanavyofanya maamuzi, walieleza mwaka 1979 kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kiasi hicho hicho kunavyofurahisha, ndo maana mtu ana mwezi mzuri kabisa ila anakumbuka ile faini moja tu (na mimi nimo).

Halafu ile bonasi unayoiita hela ya bure ukaitapanya huku deni linakula riba, jiulize, ingekuwa mshahara ungeitumia hivyo?

Rudia kila mwisho wa mwezi, siku umetulia, sio siku umetoka kugombana na mtu.