Somo: Nilivyohamisha steshenari yangu kutoka Windows kwenda Linux, na D niliyoifuta

Wakuu, salaam. Mimi si fundi wa kompyuta. Nina kasteshenari Morogoro: naprinti, natoa kopi, natengeneza kadi za kichen pati, najazia watu fomu za mtandaoni. Laptopu ya kazi ni HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, Intel ya kizazi cha 6. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8. Najua wapo wanaoipitisha kwa njia za panya. Mimi sikutaka mashine inayonilisha iishi kwa magendo. Ndiyo maana nikahamia Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows.

HATUA YA 1: Hamisha kazi kabla ya kuhamisha mashine

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Tunapiga Linux Jumamosi, Jumatatu mteja wa kwanza analeta kitu tusichoweza kukifungua, Jumanne tumerudi kwa fundi. Chukua daftari, andika kila kazi unayomfanyia mteja kwa wiki moja. Kisha, ukiwa bado ndani ya Windows, weka LibreOffice (ya kuandikia barua, badala ya Word) na kivinjari cha Firefox, ujilazimishe kufanya kazi zote humo. Mimi nilijipa mwezi mzima.

Mwezi huo ulinifundisha mengi. Mambo ya HESLB na Ajira Portal ni ya kivinjari tu, hayakuulizi unatumia mashine gani. Barua zilizoandikwa kwa Calibri ziliruka mistari. Kadi nilizotengeneza kwa Publisher ya Microsoft zinafunguka ndani ya LibreOffice Draw, ila maua yalihama yakakaa juu ya jina la bibi harusi. Kadi nimeanza kuzichora upya kwa Inkscape, programu ya kuchorea, moja moja, kadiri oda zinavyokuja.

HATUA YA 2: Fleshi

Linux ziko za aina nyingi. Nilichagua Linux Mint yenye sura ya Xfce kwa sababu ni nyepesi. Matoleo ya 22 yanahudumiwa hadi 2029. Faili ni karibu GB 3, kwa hiyo subiri bando la usiku. Faili langu lilikatika njiani mara mbili bila mimi kujua, fleshi ikawa inawaka na kugandia kwenye nembo. Nikailaumu laptopu siku nzima. Kumbe ukiwa Windows unaweza kulikagua faili kwa amri hii ndani ya Command Prompt, ukiweka jina la faili lako:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Linganisha herufi zitakazotoka na zile zilizoandikwa kwenye tovuti ya Mint. Zikitofautiana hata moja, pakua upya. Zikilingana, tumia programu ya Rufus kuliandika kwenye fleshi ya GB 8. Vilivyomo kwenye fleshi vitafutika.

HATUA YA 3: Onja kabla ya kupiga

Washa laptopu huku ukibonyeza F9 kwa HP, au F12 kwa Dell na Lenovo nyingi. Chagua fleshi. Mint itaamka yote ikiwa ndani ya fleshi, diski yako haijaguswa. Jaribu waifai, sauti, printa, skana. Printa yangu ya HP iliingia yenyewe. Skana ya kampuni nyingine, ambayo sitaitaja jina, iligoma katakata. Nimeiachia laptopu ya pili yenye Windows na ipo hapo mpaka leo. Sioni aibu.

HATUA YA 4: Kupiga yenyewe

Kwanza nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha ichomoe kabisa. Ukiwa Windows, zima ile hali ya kuwaka haraka. Bila hivyo Windows haizimiki kweli, inasinzia, na Linux itakuwa inasoma mafaili yake bila kuweza kuyaandika. Kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli ya Windows, ifungue au hifadhi ufunguo wake mahali salama.

Sasa kisa changu. Mint iliniuliza: nikae pembeni ya Windows, au nifute diski yote? Kichwani mwangu Windows ni C, na picha za wateja zipo D, diski nyingine. Nikachagua kufuta. Wakuu, C na D zilikuwa vyumba viwili vya nyumba moja, na mimi nilikuwa nimeagiza tingatinga. Pasipoti saizi za miaka minne, pamoja na harusi tatu, zilikwenda ndani ya dakika moja. Kama huna uhakika, chagua kukaa pembeni.

HATUA YA 5: Siku ya kwanza

Fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, urudishe fonti za barua:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito ttf-mscorefonts-installer

Ya kwanza inachukua nafasi ile ile ya Calibri, mistari inatulia. Ya pili inaleta Times New Roman ya barua za kiserikali. Katikati utatokea ukurasa wa masharti ambao kipanya hakifanyi kitu. Bonyeza Tab, kisha Enter. Mimi nilikaa hapo robo saa. Halafu fungua Timeshift, uiache ihifadhi nakala za mfumo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, fleshi za wateja zenye virusi vya shotikati je?

Jibu: Hapo ndipo nilipoipenda. Virusi hivyo huficha mafaili na kuacha shotikati tu. Mteja analia mafaili yamepotea, ukichomeka kwenye Mint unayaona yote, kwa sababu haijali ule ufichaji wa Windows. Yanakili, futa shotikati. Ila usibweteke: kirusi kisichokuumiza wewe unaweza kumpa mteja wa Windows anayefuata.

Swali: Kaka, nimeweka zote mbili. Kila nikirudi Windows saa iko nyuma masaa matatu. Betri imekufa?

Jibu: Betri nzima. Linux inaweka saa ya mashine kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows inaichukulia kama saa ya hapa, na sisi tuko masaa matatu mbele. Ukiwa Linux andika: timedatectl set-local-rtc 1

Swali: Waifai haionekani kabisa, na bila intaneti siwezi kupakua draiva.

Jibu: Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB, Mint itaipokea kama waya wa kawaida. Kisha fungua kidhibiti cha draiva. Kadi za waifai za Broadcom mara nyingi hupona hapo.

Swali: Shikamoo. Mimi mwalimu, mitihani yangu ni ya Kiswahili. Kila neno linapigiwa mstari mwekundu.

Jibu: Marahaba, mwalimu wangu. Andika sudo apt install hunspell-sw, kisha ndani ya LibreOffice chagua lugha ya waraka iwe Kiswahili. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishaanza kazi hizi zamani, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, OpenOffice ya Kiswahili, mwaka 2004.

Swali: Zile picha za D ulizipata?

Jibu: Baadhi. PhotoRec, programu ya kufukua mafaili yaliyofutwa, ilizifukua, lakini majina yote yamegeuka namba. Harusi mbili wenyewe walizitambua. Ya tatu ipo, bwana harusi ana suti ya bluu, faili linaitwa f1284096.jpg. Kama ni wewe, pita dukani.