Mahindi na maharagwe laini mbili mbili: vile mimi hupanda kwa nusu eka

Hapa kwetu karibu na Luanda, Vihiga, ni wachache wana shamba la kuweka mahindi peke yake huku na maharagwe peke yake kule, watu ni wengi na ardhi ni kidogo, kwa hivyo sisi hupanda pamoja na hata mama zetu walipanda pamoja. Kuchanganya si shida, shida ni vile tunachanganya. Unaweka punje mbili za mahindi na mbili za maharagwe kwa shimo moja, ama maharagwe unayarusha tu katikati, halafu mahindi yakifika kifuani maharagwe yako chini kwa giza, majani yanageuka manjano, maua yanaanguka, unavuna gorogoro tatu tu, ile mikebe ya kupimia nafaka, na unasema ni mbegu ilikuwa mbaya. Mimi nililaumu mbegu miaka mingi sana.

Sasa nimeshikilia hii ya mbili mbili, ambayo ilianza kufundishwa huku magharibi, upande wa Bungoma, miaka ya mwanzo ya 2000. Badala ya kuachanisha kila laini ya mahindi na sentimita 75 kama kawaida, unasongeza laini mbili zikae 50, halafu unaacha mita moja nzima kabla ya zingine mbili. Piga hesabu: 50 na 100 ni 150, gawa kwa mbili unarudi pale pale 75. Mahindi ni yale yale, hujapunguza hata shina moja, umeyapanga tu ili jua lifike chini. Kwa ile mita moja ndio unaweka laini mbili za maharagwe, sentimita 33 kutoka kwa mahindi na 33 kati yao.

Usikisie kwa macho. Kata vijiti vitatu nyumbani, cha mita moja, cha nusu mita, na cha 33 (rula ya mtoto wa shule ni 30, ongeza upana wa vidole viwili). Halafu kamba ndefu na vigingi viwili. Kama shamba lako limeinama, kamba ikate mteremko, usiishushe na mteremko, kwa sababu mvua ya Aprili huku ikipata laini inashuka itabeba udongo wako wote mpaka mtoni. Siku ya kwanza hii kazi ni pole pole kweli, sisi watu watatu tulimaliza robo eka tu, lakini ukishazoea mkono unaenda wenyewe.

Mahindi ni shimo kila sentimita 30, punje moja kama mbegu ni nzuri. Konzi moja ya samadi iliyooza, kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya kupandia, na ufunike na udongo kidogo kabla ya mbegu, la sivyo mbolea itaichoma. Maharagwe ni kila sentimita 10 mpaka 15, panda siku hiyo hiyo, usingoje mahindi yatoke kwanza. Na tafadhali chukua yale ya kusimama, rosekoko ama ya manjano, yale marefu ya kutambaa juu yatajifunga kwa mahindi na kuyaangusha. Mahindi yakifika magotini, ile mbolea ya kukuzia weka kwa mahindi pekee.

Maharagwe yakianza maua kuna kitu nataka ufanye. Chimba shina moja na jembe, usivute kwa mkono, halafu osha mizizi kwa beseni. Utaona vinundu vidogo kama punje za wimbi. Pasua kimoja na ukucha. Kama ndani ni rangi ya nyama mbichi, hapo mmea unashika naitrojeni, chakula cha mimea, kutoka kwa hewa, kama ni nyeupe ama kijani hakuna kazi inafanyika. Lakini nisikudanganye, maharagwe si hodari sana kwa hii kazi na mengi yanayoshika yanaenda kwa punje zenyewe. Njugu na soya ni bora, kwa hivyo mimi hubadilisha, na makapi nikishapura yanarudi shambani, siyachomi.

Sasa kama una kayongo (striga), lile gugu la maua ya zambarau linaloshika mizizi ya mahindi na kuyaua kabla hujaliona, mbili mbili pekee haitakuokoa. Mbegu zake ni kama vumbi, mmea mmoja unatoa maelfu na zinakaa kwa udongo miaka zaidi ya 10. Hapo panda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa chini, katikati ya laini za mahindi za 75 na nepia, zile nyasi ndefu za ng'ombe, kuzunguka shamba, njia iliyotokea kwa utafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita kando ya Ziwa Victoria. Mizizi ya desmodiamu inazuia kayongo isishike mahindi, harufu yake inafukuza wadudu wanaotoboa shina, na nepia inawavuta watoke nje. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo sana, changanya na mchanga mkavu ndio imwagike sawa, na palizi ya kwanza palilia wewe mwenyewe, kibarua asiyeijua ataing'oa akidhani ni magugu. Ng'ombe wanaipenda vibaya sana.

Turudi kwa maharagwe. Yanatoka baada ya miezi mitatu hivi na mahindi bado yamesimama, kwa hivyo ile mita moja iko wazi, mimi hutia kunde za mboga hapo. Msimu unaofuata unageuza, mahindi yanaingia pale maharagwe yalikuwa. Ndio maana kabla sijakata mabua huwa napiga vigingi kwa kila mwisho wa laini, mwaka mmoja sikuweka na mvua ilipokuja hakuna mtu nyumbani alikumbuka nini ilikuwa wapi.