Mbwa anayekungurumia akila hashindani nawe: namna ya kumfundisha hatua kwa hatua

Kwa wafuga mbwa wa Moshi kuna ushauri unaopokezwa nyumba kwa nyumba. Mbwa akikungurumia, mlaze chini umkandamize shingo mpaka anyamaze, ajue mwenye nyumba ni nani. Asile kabla yako. Asitangulie getini. Nafundisha mbwa majumbani, kuanzia Shanty Town mpaka Pasua, na mbwa wengi ninaoitiwa baada ya kuuma mtu wa nyumbani walikwisha kulazwa chini namna hiyo. Uache ushauri huo leo. Nitakueleza ulikotoka, kwa sababu ukijua ulikotoka hautakurudia kichwani siku mbwa atakapokuonesha meno.

Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alichapisha alichokiona kwa mbwa mwitu wa Ulaya waliofugwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa wamefungiwa pamoja kwenye uwanja mdogo bila pa kukimbilia, wakawa wanagombana mara kwa mara. Ndipo likazaliwa wazo la kundi lenye mbabe mmoja juu na wengine chini yake, nalo likahamishiwa kwa mbwa wa nyumbani na mwenye mbwa. Mmarekani David Mech alilieneza wazo hilo katika kitabu chake cha 1970, kisha kuanzia 1986 akawa anakwenda kuwatazama mbwa mwitu wakiishi huru katika kisiwa cha Ellesmere, Kanada. Alichokikuta huko ni familia: baba, mama na watoto wao, wakubwa kwa wadogo. Mwaka 1999 aliandika waziwazi kwamba wanaoongoza kundi ni wazazi, na wanaongoza kwa sababu ni wazazi, hawakumpiga yeyote ili wafike hapo.

Hata huku kwetu, mbwa mwitu wa Afrika, wale wenye mabaka wanaolelewa Mkomazi na kuonekana Serengeti, wanaukataa ushauri huo kwa matendo yao. Wakishaua mnyama, watoto waliokwisha kuanza kufuatana na kundi hutangulizwa kula. Wakubwa wanasubiri.

Sisemi kwamba mbwa hawana ukubwa na udogo kati yao. Wanao. Lakini ni jambo la mbwa fulani na mbwa fulani, na mara nyingi linategemea kitu kilichopo: huyu atashika mfupa, yule atashika kivuli cha mwembe. Mbwa wako hapangi kuitwaa nyumba. Anaponguruma juu ya sufuria yake anasema jambo dogo sana: naogopa utaninyang'anya. Ukimnyang'anya, umethibitisha alichokiogopa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya kuwahoji wenye mbwa waliowapeleka mbwa wao kliniki kwa sababu ya tabia. Kati ya waliosema wamewahi kuwapiga au kuwapiga mateke, asilimia 43 walijibiwa kwa ukali. Kati ya waliowalaza chali kwa nguvu, ni asilimia 31.

Hatua ya kwanza: hakikisha si ugonjwa

Mbwa mpole aliyebadilika ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya mafunzo yoyote. Sikio lililooza ndani, jino bovu, kidonda chini ya manyoya, vyote humfanya asitake kuguswa.

Kichaa cha mbwa kipo Tanzania. Ukiona tabia imegeuka, mate yanamtiririka, taya limelegea, hamezi, au anauma chochote kilicho mbele yake, usimkaribie. Mfungie alipo kama unaweza kufanya hivyo bila kumgusa, umpigie afisa mifugo wa kata. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Chanjo ya mbwa huanza akifika miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Kama ya mbwa wako imepita muda, kamchanje kwanza, ndipo urudi kwenye mwongozo huu.

Hatua ya pili: sitisha ugomvi wote

Kwa wiki mbili, hakuna mtu atakayegusa sufuria ya mbwa akiwa anakula. Hakuna kumkazia macho, hakuna fimbo, hakuna kumjaribu "tuone kama atang'ata". Waambie wote wanaoishi hapo: dada, mlinzi, watoto, na mjomba anayekuja Jumapili. Mmoja akiendelea kumchokoza, kazi ya wengine inaharibika.

Mlishe mahali ambapo watu hawapiti. Nyumba nyingi zinamwekea chakula mlangoni pa jiko, halafu watu wanamruka wakipita na mabeseni. Na mpe mara mbili kwa siku. Mbwa anayesubiri makoko ya ugali saa nne usiku, siku nyingine yapo, siku nyingine hayapo, ana sababu ya kulinda alichopata. Ugali wa dona na dagaa, au pumba iliyopikwa vizuri na utumbo, vinatosha kwa mbwa mzima wa kawaida, mradi kiasi kisipungue na saa isibadilike. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika kwa ncha kali, wala chakula chenye vitunguu vingi.

Usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Hili nalisisitiza katika kila nyumba ninayoingia. Kunguruma ni onyo, na onyo ndilo linalokupa nafasi ya kurudi nyuma. Mbwa aliyepigwa kila anaponguruma huacha kunguruma huku hofu yake ikibaki palepale. Siku moja anauma kimya, na watu wanasema ameuma bila sababu.

Halafu mnyororo. Mbwa anayefungwa tangu alfajiri hadi usiku hana njia ya kuondoka pale anapoogopa, kwa hiyo kilichobaki kwake ni meno. Kama una ukuta na geti, mfungulie. Kama huna, mtoe kwa kamba asubuhi mapema na jioni, aende akinusa barabara kwa mwendo wake. Matembezi hayo yamewatuliza mbwa wengi kuliko amri yoyote niliyowafundisha.

Hatua ya tatu: jifunze kumsoma

Kabla ya kunguruma mbwa huwa amekwisha kukuambia mara kadhaa. Anaganda, kichwa juu ya sufuria, hatafuni. Au anaanza kumeza harakaharaka kuliko alivyokuwa akila kabla hujatokea. Weupe wa jicho unaonekana pembeni kwa kuwa anakutazama bila kugeuza kichwa. Analamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo na si usingizi. Mkia usikudanganye: ukiwa juu, mgumu, ukitikisika kwa kasi fupifupi, hiyo si furaha. Mbwa mwenye furaha hutikisika mpaka kiuno.

Kaa kwenye kiti, mbali, umtazame akila kwa siku kadhaa. Tafuta ni umbali gani ambao ukiwepo anaendelea kula kama kawaida. Inaweza kuwa hatua tatu, inaweza kuwa kumi. Hapo ndipo utakapoanzia.

Hatua ya nne: sufuria

Nunua maini au mapafu ya ng'ombe buchani, uyachemshe yaive kabisa, uyakate vipande vidogo kama punje ya hindi. Lazima kiwe kitu kitamu kuliko kilichomo kwenye sufuria. Watu wanajaribu kwa kipande cha ugali na kushangaa mbwa asipojali.

Mbwa akiwa anakula chakula chake cha kawaida, pita kwenye ule umbali wake wa amani. Usisimame, usimwite. Ukiwa usawa wake, rusha kipande cha ini kiangukie karibu na sufuria, endelea na safari yako. Umekuja, umeongeza, umeondoka. Rudia mara tano au sita katika mlo mmoja, kisha mwache amalize kwa raha.

Kesho yake fanya vivyo hivyo. Usisogee karibu kwa sababu tu siku zimepita. Sogea pale utakapoona ananyanyua kichwa anapokusikia, mwili umelegea, anatazama mkono wako akingoja kipande. Hapo punguza hatua moja. Akiganda au kumeza haraka, umekwenda mbio mno: rudi nyuma hatua mbili ukae hapo siku chache. Kuna mbwa wanaomaliza safari hii kwa wiki moja, na wapo wa miezi, hasa waliokwisha kupigwa.

Ukifika kwenye sufuria yenyewe, inama kidogo, dondosha ini ndani, ondoka. Hiyo ndiyo shabaha. Usitie mkono ndani ya chakula kumpima kama "amekubali". Hata wewe hungependa mtu atie vidole kwenye sahani yako kila siku, na hakuna anachojifunza mbwa hapo zaidi ya kwamba mikono yenu inasumbua.

Mama mmoja wa mtaa wa Soweto aliniambia, "Mwalimu, huyu Simba amenipanda kichwani, mpaka mume wangu anamwogopa." Nikamwuliza, "Shikamoo mama, kwanza niambie, anakula wapi?" Alikuwa anakula katikati ya njia ya kwenda bafuni, na kila apitaye alimsukuma kwa mguu. Tulihamisha sufuria nyuma ya banda, tukaanza na ini. Simba alichohitaji kilikuwa nafasi ya kula kwa amani na sababu ya kufurahia watu wanapokaribia.

Vitu alivyoviokota, kiatu au mfupa wa jalalani, vina somo lake: kubadilishana. Anza na kitu asichokijali sana. Mwoneshe ini puani, akifungua mdomo sema "toa", mpe ini, kisha mrudishie kile kitu kama hakina madhara. Kumrudishia ndiko watu wanakokuruka, na ndiko kunakomfundisha kwamba kuachia si kupoteza.

Hatua ya tano: geti

Mbwa kutangulia getini si kiburi. Nje kuna harufu, ndani hakuna. Hata hivyo bodaboda zinapita, kwa hiyo inafaa ajue kungoja. Shika komeo. Akikaa, anza kufungua. Akinyanyuka, funga taratibu bila kusema kitu, ngoja akae tena. Geti linafunguka kwa aliyekaa, basi. Ukiwa mtulivu ataelewa upesi, na baada ya hapo atangulie yeye au utangulie wewe haina tofauti yoyote.

Hatua ya sita: mbwa wawili uani

Wape sufuria mbili, zikiwa mbalimbali, ikiwezekana kona isiyoonana na nyingine. Kila mfupa uliwe kwa kutenganishwa. Usijaribu kuamua nani mkubwa wao na kumuunga mkono. Ukimtetea mmoja mbele ya mwenzake unawaongezea la kugombania.

Wakishikana, usiingize mkono kwenye shingo zao, ndipo watu wanapoumwa vibaya. Wamwagie ndoo ya maji, au sukuma ubao au beseni kubwa katikati yao, kisha kila mmoja afungiwe peke yake mpaka watulie. Wakiumizana mpaka damu zaidi ya mara moja, wasiachwe pamoja bila mtu mzima.

Watoto wadogo hawafanyi zoezi lolote kati ya haya. Kanuni yao ni moja: mbwa akila au akilala, haguswi. Na mbwa aliyekwisha kumjeruhi mtu usianze naye peke yako kwa mwongozo wa kusoma. Mnunulie kifunga mdomo cha aina ya kikapu, kile kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, umzoeze kukivaa kwa kumpa ini kupitia matundu yake, na umwite mtu mwenye uzoefu aje kumtazama akiwa kwake.

Sufuria ikishakuwa ya amani, endelea kupita na kipande cha ini mara moja moja kwa wiki. Mgeni akija kukaa, au mtoto akizaliwa nyumbani, rudi kwenye kupita kwa mbali kwa siku chache kabla ya kumwacha ale karibu na watu.